Neno "Pasta" Lilivyomwangusha Papa

Admin, naomba ufiche jina langu na la papa, baba yangu. Haya sijamwambia mtu yeyote, na hata kwa Mungu nimesema nusu.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Tulitoka Bukavu nikiwa mdogo. Mama alibaki huko, kaburini, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na papa. Papa ni fundi cherehani, tena alikuwa kiongozi wa kusanyiko letu dogo la Wayahudi. Najua baadhi yenu mtacheka. Zamani papa alihubiri kanisani, ila kadiri alivyozidi kusoma Torati aliona njia yake ni nyingine, akaondoka, na familia chache zikamfuata. Siku ya kugawa unga ikiangukia Sabato, hatuendi kupanga mstari. Majirani hutuimbia, "Ee Bayahudi, Mufalme Daudi njo atabapikia nsima leo?" Papa alikuwa akiwajibu, "Atapika, we leta tu mboga," na wote wanacheka.

Mwaka jana shirika moja la ng'ambo linalosaidia makusanyiko madogo kama letu liliandika kwamba mjumbe wao atapita Lilongwe. Akiridhika, wangetuletea vitabu, na papa angepata mwalimu wa kumfundisha uongozi. Hamjui maana yake kwetu. Papa alikuwa akisomea sala kwenye daftari nililonakili kwa mkono wangu.

Papa Shukuru, mzee mwenzake aliyewahi kuishi Area 36, mtaa wa Lilongwe, na anayejua Kiingereza, alitaka kwenda kutafsiri. Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu, siku hiyo nikasema, "Papa, mi ntatafsiri." Nilitaka watu waone kwamba vitabu vyangu si bure. Papa akamwambia mwenzake, "Mutoto wangu amesoma. Atanisemea."

Tuliomba kibali cha kutoka kambini, tukafika Lilongwe kwenye nyumba ya wageni. Mjumbe alikuwa mzee mpole. Akauliza, watu wako wanakuitaje? Papa akatabasamu: "Batu bananiitaka Pasta, njo bamezoea tangu zamani. Lakini mi ni mwalimu tu, na mi mwenyewe niko najifunza."

Kwetu kila anayeongoza sala ni pasta, hata awe wa dini gani. Yule mzee akanigeukia akisubiri. Ikanijia ile aibu ya darasani. Nikasema kwa Kiingereza kwamba wanamwita pasta, basi. Yale mengine ya papa niliyameza.

Mzee akaacha kuandika. Akauliza, mtu akitaka kujiunga nanyi anafanyaje? Papa akajibu, "Anajifunza kwanza, mwaka muzima. Kisha anaingia mu maji yote, mpaka nywele." Mimi nikasema: wanabatizwa. Neno lenyewe, mikve, yaani maji ya utakaso ya Kiyahudi, nilikuwa nimelisoma kwenye kijitabu cha shirika lao, nikalipigia na mstari. Dakika ile lilinikimbia. Mzee akafunga daftari lake taratibu, akatuagizia chai. Papa aliinywa kwa furaha. Kabla ya kurudi alininunulia kalamu.

Anwani ya barua pepe ya kusanyiko niliifungua mimi, na nenosiri ninalo peke yangu. Jibu lilipokuja nililisoma peke yangu. Waliandika kwa adabu kwamba hawawezi kulisaidia kanisa linalobatiza, hata kama linashika Sabato. Papa akauliza, "Banasema nini?" Nikamjibu, "Wanasema nafasi zimejaa."

Lakini watu hawakuamini. Papa Shukuru akasema mbele ya wote, "Bazungu baliona kitu mu roho yake. Mutu wa Mungu hakataliwake bure." Familia moja ikahama, kisha nyingine. Sasa wanasali kwa Papa Shukuru, na wanasali kwa daftari langu. Walikuja kulichukua mlangoni, papa akawapa.

Ninamchukia Papa Shukuru. Ninamchukia hata yule mzee ambaye hakuuliza mara ya pili. Halafu nakumbuka ni mdomo wa nani uliosema.

Jumamosi moja nikaamshwa na mlio wa cherehani. Nikatoka. "Papa, leo ni Sabato." Hakuinua kichwa. "Sabato ya nani?"

Nilimwandikia yule mjumbe kila kitu. Akajibu kwamba anasikitika sana, ila mwalimu ameshapelekwa kwenye kusanyiko lingine. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimwambie papa, au nibaki na mzigo wangu? Nishaurini, nifanye nini?

*Nyongeza: Admin, umechelewa kuweka kisa changu, na mimi sikuweza kungoja. Alhamisi nilikaa karibu na cherehani nikamsomea papa ile barua, neno kwa neno, kisha nikamweleza maneno mawili niliyosema Lilongwe. Alikata uzi kwa meno. Akauliza, "Na ile ya nafasi kujaa?" Nikasema ni mimi.*

*"Kumbe haikuwa Mungu njo alinikatala," akasema. "Ilikuwa we."*

*Ijumaa nilipika maharage mapema, nikaweka mishumaa miwili mezani. Jua lilipoanza kushuka, Sabato ikikaribia kuingia, nikaiwasha. Ile baraka ambayo papa huiimba nikaisema mimi kwa kichwa, kwa sababu daftari halipo. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inaendelea. Nikafunika sahani ya papa, nikakaa mezani.*