Kigogo Alichokikalia Mfiwa

Fundi alikuwa na sharti moja. "Niletee sanamu moja iliyokauka bila kupasuka. Ukileta, utakaa hapa." Akagusa mwisho wa benchi, pale anapowekaga kikombe chake cha chai. "Usipoleta, hayo maswali yako uwaulize watu wengine. Unauliza kama polisi."

Alikuwa mchongaji kutoka Ukambani, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya maseremala wa soko la Gikomba. Mimi nilikuwa mtu wa kupita. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo nilikuwa nimeacha karibu kila kitu: kupaka rangi mabango ya vioski, kushona viatu, kuuza soksi sokoni Muthurwa. Nikishajua kazi inavyofanywa, miguu inaanza kuniwasha. Kwa fundi huyu ndipo nilipoanza kurudi mahali bila kuitwa. Nilitaka kujua mti huchagua vipi pa kupasukia. Hakuniambia. Alisema nichonge, nitajua.

Mti niliupata mtaa wa Donholm. Mjakaranda ulikuwa umeangukia ukuta wa watu, na waliokuja na msumeno wa injini walihitaji mtu wa kuburuta matawi. Nikaburuta siku nzima, ujira wangu ukawa kipande cha shina. Nilikibeba begani hadi nyumbani, nikipumzika kila nilipoona ukuta wa kukiegemeza.

Wakati huo nilikuwa nashusha marobota ya mitumba asubuhi chache kwa wiki, basi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nikishusha kila siku nitakula vizuri na sitachonga chochote. Kwa hiyo nilipika maharagwe sufuria nzima na kuyala mpaka nikachoka kuyaona. Nyanya nilinunua jioni, zile zilizolainika ambazo mwenye meza hataki kulala nazo. Tezo yangu ilifuliwa kutokana na springi kuukuu ya lori, mpini nikauchonga mwenyewe. Kipande cha msasa nilikitumia hadi kikabaki karatasi.

Kilichoniumiza ni maranda. Kwa mtu asiye na pesa ya mafuta ya taa, maranda ni chai ya asubuhi. Lakini mti mbichi ukikauka haraka unapasuka. Dawa yake ni kuulaza gizani, ndani ya gunia, umefunikwa na maranda yake wenyewe, upumue polepole. Kwa hiyo asubuhi nilikunywa maji baridi, na maranda yote nikamfunika nayo.

Nasema "nikamfunika" kwa sababu alikuwa mtu. Nilikuwa nimemwona msukuma mkokoteni akipanda mwinuko, kichwa kimeshuka kabisa, mgongo ukiwa ndio kitu cha juu kuliko vyote mwilini mwake. Nilichonga mgongo huo kwanza na kuulainisha kwa tupa. Kichwa na mikono, huko chini, vilikuwa bado vinene, havijakamilika. Chumba changu kilikuwa cha mabati, juu ya paa la ploti, jengo letu la vyumba vya kupanga, na mchana kilichemka. Gunia nikaliweka chini ya ngazi, mahali penye baridi, nikajikataza kulifungua.

Kisha jirani wa chumba cha chini akafariki. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mfanyakazi wa kiwanda, ambaye ploti nzima ilijua kikohozi chake kuliko sauti yake. Kwetu kukiwa na matanga, ploti inakuwa nyumba moja. Kiti chako si chako, sufuria yako si yako. Mimi nilitoa ndoo, nikaenda Gikomba nikijiona nimetimiza wajibu.

Niliporudi mchana, harufu ilinipata langoni. Moshi wa mjakaranda naujua. Nikaenda moja kwa moja chini ya ngazi. Gunia lilikuwepo, tupu, limekunjwa vizuri.

Katikati ya uwanja chai ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa, juu ya mawe matatu. Nikainama nikachungulia kati ya kuni, uso ukiniungua.

"Unaangalia huo moto hivyo, unataka kuuoa?" Ni mama wa chumba cha mwisho, aliyejipa ukuu wa mapishi. Wenzake wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachokatwa katikati.

"Mama, chini ya ngazi kulikuwa na gunia."

"La takataka za mbao? Zimewasha moto vizuri sana. Mungu akubariki, kijana wa mbao."

"Na kigogo kilichokuwa ndani?"

"Kigogo kile pale. Mama amekikalia."

Nikageuka. Mjane alikuwa ameketi upande wa pili wa moto, karibu kabisa, leso imefungwa kichwani, macho langoni. Chini ya sketi yake, mgongo wa mtu wangu. Jua la utosi lilikuwa linampiga upande mmoja, moto upande mwingine, na upande wa moto ndio uliokuwa na kichwa.

Mtu hamwambii mfiwa asimame. Hilo hata mimi niliyekimbia shule nalijua. Nikatoka mbio hadi kibanda cha chai, nikaazima kiti cha plastiki, nikamletea kwa mikono miwili.

"Mama, pole. Kalia hiki, kina mahali pa kuegemea."

"Kitanilaza, mwanangu. Sitaki kulala. Hiki kinanitosha."

"Basi tukusogeze kivulini."

"Kivulini siwezi kuona lango. Shemeji zangu wako njiani."

Nikarudi kwa mkuu wa mapishi, nikamnong'oneza kwamba moto usogezwe, moshi unamwingia mama machoni.

"Moto uhame, na chai iko juu? Wewe ndiwe uliyefiwa?"

Mjane alisikia. "Uacheni. Huu moshi unanisaidia. Mtu hajui ninalia au ni moshi."

Niliegemea ngazi. Jua lilikuwa limesimama pale pale. Waombolezaji waliingia, wakamshika mkono, wakaketi, na kila aliyepita aliongeza ukuni kwenye moto kana kwamba ni sadaka. Nilitamani kumpiga kila mmoja wao.

Mwishowe nilipanda juu nikachukua mtungi wangu wa maji, maji ya kununua yaliyopaswa kunifikisha Jumapili. Nikalilowesha gunia lote. Nikapiga magoti mbele ya mjane, nikaanza kulizungusha kwenye kigogo, kuzunguka miguu yake.

"Unafanya nini miguuni mwangu?"

"Napoza, mama. Sakafu ina joto."

Kisha akavua viatu, akaweka nyayo juu ya gunia lenye maji, akafumba macho. "Asante," alisema. "Tangu asubuhi miguu inaniwaka."

Nyuma yangu mkuu wa mapishi alisema, kwa sauti ya wote kusikia, "Na mlikuwa mnasema huyu wa juu hana adabu." Masikio yaliniwaka moto. Bado nilikuwa nakandamiza gunia kwenye upande wa kichwa, nikipima jua litahama lini.

Ndipo kigogo kikatoa mlio. Ta! Kama mtu amevunja muwa kwa goti. Mjane alikuwa ameshika ukingo wa kigogo kwa mikono yote miwili.

"Nimekivunja?"

"Hapana, mama. Kimepasuka chenyewe. Ni joto." Nikaona uongo hauna kazi tena. "Ni changu. Ni mtu nilikuwa nachonga."

Akasimama. Tulimgeuza pamoja, yeye na mimi. Ufa ulianzia shingoni ukashuka hadi kiunoni, mweupe ndani. Mjane akaona kichwa kilichoinama, akaona mikono minene.

"Nimemkalia mtu tangu asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakusema neno mpaka sasa." Akashika mdomo. "Kama marehemu mwenyewe!"

Mkuu wa mapishi ndiye aliyeshindwa kwanza, akakaa chini na mwiko mkononi. Wakacheka wote mpaka wengine wakalia, na mjane alikuwa katika makundi yote mawili, la kicheko na la machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ufa ukiendelea.

Nilimpelekea fundi vivyo hivyo, nikamsimulia. Alisikiliza yote. Akapitisha ukucha kwenye ufa, akasema, "Pole kwa msiba. Lakini mimi nilisema isiyopasuka." Kikombe chake kilikuwa mwisho wa benchi. Hakukigusa.

Nilikaa siku kadhaa nikishusha marobota kila asubuhi na kula nyama. Kulikuwa na lori linaloelekea mpakani, na dereva wake alitaka mtu wa kupakia. Nilikuwa nimeshakunja blanketi. Lakini ule ufa ulikuwa umenyooka tu hadi kiunoni kisha ukakwepa, na sikujua kwa nini. Nikaenda Donholm kuuliza kama kipande kingine kimebaki.

Mjane alirudi kutoka mazishini akanikuta uwanjani nikimchonga msukuma mkokoteni mwingine. Akasimama akatazama.

"Huyu utamweka wapi?"

"Sijui bado, mama. Chini ya ngazi siweki tena."

"Chini ya kitanda changu," alisema. "Jua halifiki. Na moto siku hizi napika mara moja tu, niko peke yangu."

Tulimlaza huko, ndani ya gunia lile lile na maranda yake. Kila nilipopita mlangoni kwake asubuhi, moyo juu, aliniambia kabla sijauliza: "Amenyamaza." Nikashuka mjini. Kesho yake tena: "Amenyamaza." Mvua zikaja zikaisha.

Siku nilipomtoa, fundi alimweka magotini. Alipitisha ukucha mgongoni, shingoni, kati ya vidole, akamgeuza, akaanza upya. Alimaliza, akamweka chini taratibu, akanyoosha mkono, akaondoa kikombe chake kwenye benchi.