Gia ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya kinu cha pamba hapa Bariadi, sikupewa spana. Nilipewa bisibisi ndefu, nikaambiwa niweke ncha yake kwenye injini ya lori na mpini sikioni. Fundi Mkuu, mzee wa Sapiwi mwenye maneno machache na hasira za karibu, akauliza, "Inasemaje?"

"Inanguruma, baba."

"Hata simba ananguruma. Sikiliza tena, ng'wanawane, mwanangu."

Nilisikiliza wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kufungua nati moja. Siku hizi kijana anachomeka kompyuta, inamtajia ugonjwa. Simdharau, ila masikio ameyaacha nyumbani.

Fundi Mkuu alikuwa na sharti alilolitoa zizini kwa baba yake: ukiuza ng'ombe, taja kasoro yake kabla mnunuzi hajashika kamba. "Akiigundua mwenyewe, umeuza jina lako," alituambia. Baadaye nilihamishiwa Maswa, chini ya Bwana Karakana aliyependa fomu kuliko grisi, kisha nikarudishwa Bariadi. Sharti lile nilitembea nalo kote.

Injinia wa kinu alipostaafu kwenda kwao Dutwa, aliniita. Stoo kwake, chini ya magunia ya pamba, kulikuwa na gari la mbio la Kiingereza, la kijani, viti viwili, halina paa. Nilivua kofia. Sijui kwa nini, nilivua tu.

Tulilifufua kwa miaka miwili, jioni na Jumamosi. Nati zake ni za inchi, spana za milimita zinateleza, kwa hiyo nyingine nilijichongea. Tukaweka kabureta mbili badala ya moja, breki za diski mbele, na giaboksi ya gia tano mahali pa ile ya gia nne. Lilipowaka, bisibisi ilitetemeka sikioni mwangu, na mimi nikatetemeka nayo.

Hapo nikafanya kosa la mtu wa Simiyu. Barabara ya Dutwa enzi hizo mvua ikinyesha ni tope jeusi linalomeza trekta. Nikakata vyuma vinne, nikavipachika juu ya springi, gari likainuka kama pikapu. Lilipita matopeni, ndiyo, lakini kwenye kona lilipepesuka. Hatukuwahi kuvuka gia ya tatu.

Miaka ikapita, lami ikaja, na macho ya Injinia yakafifia. Hakuweza tena kuendesha, na hakuwa na mtoto anayelitaka. Akaniambia, "Nataka nilisikie likiondoka na mtu. Nikifa kabla, litarudi chini ya magunia na panya."

Mnunuzi alitoka Mwanza, mama mmoja rubani mstaafu. Mwingine asingepatikana upesi. Alilizunguka gari, akapiga magoti, akagusa rangi. Injinia alikaa kwenye kiti akingoja, ameshika ufunguo kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia yule mama kwa Kisukuma. "Kabla hujashika ufunguo. Gari hili haliaminiki kwenye kona. Niliharibu mimi, kwa kuliinua."

Injinia aliinamisha kichwa. Nilijua nimemvunja moyo.

"Kwa nini uliliinua?" yule mama akauliza.

"Tope, mayu."

Alitazama barabara, nyeusi na kavu, iliyonyooka mpaka upeo wa macho. "Tope liko wapi, fundi?"

Niliitazama lami pamoja naye.

"Lishushe," akasema. "Nalichukua."

Vile vyuma nilivitoa mwenyewe. Injinia alipapasa mlango, mkono ukashuka chini kuliko alivyozoea, akacheka kama mtoto. Kisha yule mama akawasha, akaondoka, nasi tukabaki tumesimama, vichwa tumeviinamisha upande mmoja, tukisikiliza.

"Ya pili," Injinia akahesabu. "Ya tatu." Akanishika mkono. "Ya nne."

Ndipo mlio ukabadilika kwa mbali, ukashuka, ukatulia, laini kabisa, sauti ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" akaninong'oneza.

Mwezi uleule nilistaafu, nikakabidhi funguo za karakana. Vijana wakiniuliza ni kazi ipi ninayojivunia, huwaambia ni gia niliyoifunga kwa mikono yangu, wala sikuwahi kuiingiza hata siku moja, na siku nilipoisikia nililia mbele ya bosi wangu wa zamani.