Firigisi ya Binamu

Nilitaka kuingia jeshini kwa sababu ya firigisi. Nimewahi kuisimulia habari hii kwa heshima zaidi, nikitanguliza uzalendo na ugumu wa ajira, na wasikilizaji wakatikisa vichwa kwa huruma. Lakini nikijisimulia mwenyewe kimoyomoyo, uzalendo siuoni. Ninachokiona ni firigisi ya kuku wa kienyeji, imeungwa kwa nyanya na chumvi, imekaa kwenye sahani ya mtu mwingine.

Kwetu Kasekese kuku hagawanywi ovyo. Paja ni la mgeni, shingo na miguu ni vya watoto, na firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Mtoto hulijua siku anaponyoosha mkono pasipo pake na kukutana na mwiko. Baba alipofariki, firigisi ikakosa mwenyewe. Mama akawa anaikatakata na kuichanganya na utumbo ndani ya mchuzi, isionekane. Kisha nikaenda chuo kikuu. Niliporudi likizo ya kwanza niliikuta juu ya ugali wangu, nzima. Niliitafuna polepole, kwa uzito unaostahili, nikiamini nimetawazwa kwa sababu ya elimu. Likizo zote zilizofuata ikawa hivyo hivyo.

Shahada yangu ilikuwa ya sosholojia. Nilipohitimu nilibaki Dar es Salaam nikisambaza wasifu wangu maofisini hadi soli za viatu zikakata tamaa kabla yangu. Nikarudi Mpanda, nikaajiriwa na mfanyabiashara wa asali. Cheo changu kilikuwa Meneja wa Ubora. Asali ililetwa na basi kutoka Inyonga ikiwa ndani ya ndoo na madumu. Meneja wa Ubora aliichuja kwa kitambaa, akaondoa nyuki waliokufa na vipande vya nta, akaijaza kwenye chupa na kubandika lebo. Chini yangu hakuwepo mtu. Juu yangu alikuwepo bosi, na juu ya bosi lilikuwepo bati. Nilinata. Simu yangu ilinata, kola ilinata, nikimpa mtu mkono wake ulichelewa kuachana na wangu. Miaka ikapita, chupa zikaongezeka, cheo kikabaki kilekile.

Binamu yangu ni mtoto wa mjomba, kaka yake mama. Mabinamu kwetu ni watani: anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kidato cha nne alifeli kwa namna iliyowafanya walimu wamkumbuke. Akabeba magunia ya mpunga sokoni, akaendesha bodaboda ya mtu, akaenda kujitolea kwenye mafunzo ya vijana, na siku moja tukasikia kachukuliwa jeshini. Nilifurahi kwa dhati, maana alikuwa mbali.

Kisha akaja likizo. Ilikuwa baada ya mavuno, nami nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, kama nilivyofanya karibu kila mwisho wa mwezi. Hakuja na sare. Alivaa fulana nyeupe na suruali ya kawaida, lakini ile suruali ilikuwa na mkunjo mmoja mbele ulionyooka kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu, na vumbi lote la barabara ya kutoka Mpanda halikuwa limethubutu kuugusa. Mama alipiga vigelegele kabla hajafika uani.

"Baba'angu amekuja! Baba'angu!"

Hapo ni lazima nieleze. Binamu amerithi jina la babu, baba yake mama, kwa hiyo mama humwita baba. Hilo lilikuwepo tangu azaliwe. Ila miaka yote alipokuwa akibeba magunia, ubaba huo haukuwahi kuvuka salamu.

Chakula kikaletwa. Nikaitazama sahani yangu: bawa. Nikaitazama ya binamu.

"Mtani," akasema, akiinua firigisi kwa vidole viwili ili ukoo wote uione, "hii kitu huko chuo kikuu mliiitaje?"

"Tuliiita ya mwenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba akalambe asali. Nasikia nyuki wa Mpanda wanakuamkia, Meneja."

"Wananiheshimu. Wewe huko nani anakuheshimu? Si mnaamshwa kwa filimbi kama kondoo?"

"Naamshwa kwa filimbi, ndiyo." Akaitumbukiza mdomoni. "Wewe huwa unaamkia nini?"

Dada zangu, waliotoka kwa waume zao kuja kumwona, wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Nilitafuta jibu, nikakuta nina bawa tu.

"Shangazi, mwanao kanuna."

"Hajanuna," mama akasema. "Ndivyo uso wake ulivyo."

Baadaye, nikimsaidia mama kuosha vyombo, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu na alilijua lengo lake, nilimuuliza kwa utani kwa nini mila zimebadilika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Yule ni baba yangu. Nimnyime baba yangu?"

Wivu wangu ulikuwa wa mtu aliyesoma, kwa hiyo ulizama kwenye vipengele. Nilimwonea wivu ule mkunjo wa suruali. Nilimwonea wivu kwa kuwa alijua kesho atafanya nini na ni nani atakayemwamuru. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kumwuliza maoni yake kuhusu ubovu wa barabara, na bibi mmoja jirani alimwonyesha goti lake linalouma, kana kwamba jeshini hufundishwa pia magoti. Mimi nilisomea jamii miaka mitatu na jamii haikuwahi kuniuliza kitu. Hata mbwa wa nyumbani, niliyemlea mimi, alilala miguuni pake.

Niliporudi mjini nilikwenda kwenye baa iliyo karibu na stendi, nikaagiza firigisi. Pale wanakaanga za kuku wa kisasa, unaletewa sahani nzima na pilipili na ndimu. Nilizila zote, moja baada ya nyingine, bila kusema na mtu. Zilikuwa laini, zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja niliyopewa. Niliondoka nimeshiba na wivu wangu nikiwa nao.

Siku chache baadaye binamu alipita dukani kwetu kuniaga. Alikuwa anakwenda Sitalike kumwona dada yake kabla likizo haijaisha. Akasimama mlangoni, mbali na ndoo, akiulinda mkunjo wake.

"Mtani, mwezi huu wanafanya usaili wa wenye shahada. Hapa hapa mjini, uwanjani. Wewe umri wako ndio unaishia, mwakani hawakutaki."

"Nije nipigiwe filimbi?"

"Ukibahatika unatoka afisa. Mimi nitakupigia saluti." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kweli kabisa. Nikikukuta njiani, ni lazima."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikimwona binamu amesimama wima uani kwa mama, mkono kwenye paji la uso, macho mbele, huku mimi nikipita taratibu kuelekea kwenye sahani.

Nikaanza mazoezi. Kila alfajiri nilikimbia kwenye barabara ya kwenda Sitalike, nikihema kama mashine ya kukoboa. Asubuhi ya kwanza nilikutana na mchungaji wa Kisukuma, mtu mzima, akiswaga ng'ombe wake kuelekea majini. Aliniona natoka mbio, akafika barabarani haraka, fimbo begani.

"Wamepotea wangapi?"

Nilikuwa sina pumzi ya kumweleza usaili. "Mmoja," nikasema.

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

Akaahidi kuangalia. Tangu hapo kila alfajiri aliniambia kwa masikitiko kwamba bado hajamwona, na kwamba amewauliza na wenzake. Kwake mtu mzima hakimbii barabarani bila mali iliyopotea, na kadiri nilivyozidi kukimbia ndivyo nilivyozidi kushindwa kumbishia.

Bosi nilimwambia kwamba huenda nikaondoka. Alikuwa anafunga mfuniko wa chupa. "Nenda tu, mwanangu," akasema kwa upole. "Ukishindwa, ndoo zipo." Nilitamani anizuie, hata kwa kunitukana. Kazi isiyokuzuia ukiondoka inatisha kuliko ile inayokufukuza.

Siku moja kabla ya usaili nilikwenda Kasekese kumuaga mama. Binamu naye alikuwepo, amerudi kutoka Sitalike. Mama alikuwa amechinja tetea wake wa madoa, yule anayetaga, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Tukanawa. Sahani zikaja.

Firigisi ilikuwa kwangu. Nzima, imeketi juu ya ugali kama zamani.

Binamu aliitazama firigisi, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Mtani," akasema, "umeshaipata. Sasa kesho unakwenda kufuata nini?"

Wote wakacheka, na kwa sheria ya utani nami nikacheka. Nikaiweka mdomoni. Ilikuwa ngumu, ya kuku aliyeishi. Nilitafuna na kutafuna nikitafuta la kumjibu, kwa sababu nilijua kwamba hilo lilikuwa swali la kwanza la usaili, na nimelikosa. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yangu kwa namna ambayo mtu huangalia kitu kabla hakijafungwa ndani ya begi.

Asubuhi nilipanda gari la kwanza kwenda Mpanda, vyeti vyangu vikiwa ndani ya bahasha. Uwanjani vijana walikuwa wameshajaa. Wengine walivaa fulana za mpira, wengine walikuwa wanarukaruka pale waliposimama ili damu ichemke. Niliwaonea wivu hata wao. Kila mmoja alikuwa na uso wa mtu anayejua kwa nini yuko pale. Kijana mmoja alinikimbilia nilipokuwa nimeegemea ukuta.

"Samahani, bro, mstari unaanzia hapa?"

"Unaanzia kule, karibu na goli," nikasema, nikamwonyesha kwa mkono. Akashukuru, akakimbia. Ndipo nikasikia nilivyosema: kama mlinzi wa geti, mtu ambaye kazi yake ni kuwaelekeza wanaoingia. Nilisimama kidogo nikingoja miguu yangu imfuate. Haikumfuata. Ikachukua njia ya dukani, ambako ndoo mbili zilikuwa zimefika kutoka Inyonga.

Ningeweza kutaja sababu nyingine: magoti, ile filimbi, mama kubaki peke yake. Zote zilikuwepo. Lakini iliyokuwa juu kabisa ni kwamba binamu aliuliza na sikuwa na jibu, na nilijua kwamba miaka yote ya kambini, kila alfajiri ya baridi, angekuwa ananiuliza tena.

Juma lililofuata nilikutana sokoni na yule mchungaji.

"Umempata?"

"Hapana. Nimeacha kumtafuta."

Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Hakuna mtu mwingine aliyenipa pole kwa uamuzi ule.

Asali niliiacha baadaye, bila saluti wala vigelegele, nikawa mwalimu wa sekondari na mwandishi wa makala kama hizi ambazo mke wangu huzisoma akiwa amekunja midomo. Binamu ni sajenti. Amenenepa, amejenga nyumba yenye vigae, na amelinda amani katika nchi ambazo mimi nazionyesha wanafunzi kwenye ramani. Ule mkunjo bado upo.

Mwaka jana alikuja likizo akafikia kwangu. Mama sasa anaishi nami mjini. Macho yamepungua nguvu, lakini vidole havijapungua. Nyumba ni yangu, kuku nilimnunua mimi, aliyempika ni mke wangu, na firigisi, kwa haki zote nizijuazo, ilikuwa kwenye sahani yangu. Nilikuwa nimeihifadhi ya mwisho. Mama akaegemea upande wangu, akapapasa ukingo wa sahani, akaipata, akaihamishia kwa binamu.

"Mama," nikasema, "hapa mwenye nyumba ni mimi."

"Wewe upo," akajibu, akijifuta vidole. "Utakula kesho. Huyu kesho hayupo."

Nikazikumbuka zile likizo za chuo, moja baada ya nyingine, na begi langu lililokuwa mlangoni kila mara, na gari lililokuwa linaningoja alfajiri. Nikamkumbuka tetea wa madoa. Kumbe shahada haikuwahi kuingia kwenye chungu kile. Na siku niliyoondoka pale uwanjani, nikaamua kuwa mtoto anayekaa karibu, nilikuwa nimeiaga firigisi bila kujua.

Binamu aliila taratibu, akinitazama machoni, kama alivyoila ile ya kwanza.

"Mtani," akasema, "bado hujaniambia huko chuo mliiitaje."

Aliondoka na basi la asubuhi. Mchana niliwahi kurudi kutoka shuleni, nikanawa, nikakaa. Mke wangu alikuwa amepika maharage.