Matundu Niliyoyaziba Kakuma

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mhandisi Mkuu alinikabidhi daftari, kipimajoto na mita ya kubana waya, ile inayosoma umeme bila kukata chochote. "Kijana, kila jengo lina mwizi ndani," akaniambia. "Kazi yako ni kumkamata." Hiyo ndiyo kazi tuliyoiita ukaguzi wa nishati: kuzunguka hoteli, maduka na ofisi ukitafuta umeme unapopotelea.

Nilianzia Eldoret, kwenye baridi, ambako kuziba nyufa kulikuwa nusu ya kazi. Kisha nikahamishiwa Lodwar chini ya Msimamizi wa Kanda, bwana aliyevaa tai hata jua likiwaka. Nilishuka na ujuzi wangu wote wa Eldoret, na kiburi pia.

Ukaguzi wangu mkubwa wa kwanza huko ulikuwa wa hoteli moja Kakuma, iliyopokea wageni wa mashirika ya wakimbizi. Umeme wake wote ulitoka kwa jenereta, na mashine za kupoza hewa zilikunywa dizeli vibaya sana. Nikapanda ngazi, nikaona kati ya ukuta na paa matundu yamepangwa vizuri pande zote. Hewa baridi ilikuwa inatorokea humo. Nikajiona nimemkamata mwizi.

Ekal, fundi aliyelijenga jengo lile na kulitunza, alisimama chini akinitazama.

"Ejok, enjinia," akanisalimu kwa Kiturkana. "Hiyo matundu usifunge. Joto inatokea hapo. Siku jenereta italala, watu itaiva huko ndani."

"Mzee, nimesomea haya mambo."

"Sawa. Mimi nimekaa ndani yake."

Nikamwamuru ayazibe kwa simenti, naye akatii. Dizeli ikapungua kweli, na Msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu. Nilivimba kichwa.

Kisha mvua zikanyesha, lagga, ile mito mikavu ya huko, zikafurika, na lori la dizeli likakwama njiani siku kadhaa. Jenereta ikazimika. Kufikia saa saba mchana vyumba vilikuwa tanuri, na mgeni mmoja akabebwa nje amezimia. Wote wakahama, na mwenye hoteli akaja ofisini kwetu akifoka.

Msimamizi akafunga mlango. "Matundu yalizibwa kwa amri ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Sijasikia. Andika ripoti vizuri."

Nikaandika kwamba fundi wa jengo aliyaziba bila kuelekezwa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na niliogopa. Ekal akafukuzwa kazi wiki hiyo, na hakuna mwingine Kakuma aliyemwajiri kwa miaka mingi. Mimi nilipandishwa cheo, nikakagua majengo mengi baada ya hapo, nikastaafu na zawadi ya saa ya ukutani. Aibu ile haikuniacha hata siku moja.

Mwaka niliostaafu nilipanda basi hadi Kakuma nikamtafuta. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, macho yamefifia. Nikamwambia yote, nikamwomba msamaha huku nalia.



"Hiyo maneno yako ni ya mdomo," akasema. "Mimi ulinifukuza na karatasi. Walinisomea hiyo ripoti yako mbele ya watu. Enda uandike ingine, wasome."

Basi nimeandika. Matundu yale yalizibwa kwa amri yangu. Ekal alinikataza.