Nilipousoma Mkuki Ukweni

Mwenye akili huenda kujitambulisha ukweni akiwa amefunga mdomo. Mimi nilitoka Mbeya na lenzi mfukoni.

Chuoni tulikuwa tukijifunza kusoma mikwaruzo kwenye silaha za kale, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Basi kule Kilolo, baba wa mchumba wangu akashusha mkuki ukutani. "Haya mkwe, tusomee na huu."

Nikadhani napewa mtihani. Nikauinamia na lenzi yangu, nikatangaza: "Makali hayajawahi kugusa mfupa. Ncha ndiyo imelika, tena kwa udongo. Huu haujaua kitu kikubwa kuliko fuko wa shambani."

Bibi wa mchumba wangu akaangua kicheko. "Kumbe yule simba alikuwa fuko!"

Ndipo nikaelezwa kwamba kwa mkuki ule babu wa mchumba wangu aliua simba, na kwa sifa za simba yule akampata bibi. Babu mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni kwangu, anakunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Lete hapa huo mkuki, mjukuu wangu," akasema. "Leo nao utapata alama ya mfupa."

Ndugu zangu, raizoni, na soli zake nene zile, si viatu vya kukimbilia milima ya Kilolo.