Kigoda cha Guku na Kipampu cha Mkojo

Mahari yangu iliokolewa na kampuni ya vifaa vya mkojo. Mume wangu hapendi niseme hivyo mbele ya wageni, ndiyo maana nasema.

Kwetu Nkololo, siku ya mazungumzo ya mahari, mzee wa upande wa binti hukaa kwenye kigoda na mshenga hukaa mbele yake. Atakayeinuka kwanza amekubali maneno ya mwenzake, na hakuna kuuliza kwa nini ameinuka. Guku, yaani babu yangu, alikuwa bingwa wa kukaa, mpaka alipopasuliwa tezi dume. Tangu hapo mkojo ulimtoka bila hodi. Kwenye mahari ya dada yangu aliinuka mbio kabla hata chai haijapoa, na wenzetu wakamchukua dada kwa ng'ombe waliokonda mpaka tuliona aibu kuwaswaga barabarani. Ukoo ukaanza kunong'ona kwamba kigoda apewe mdogo wake. Guku hakula siku ile. Nilimhurumia nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza anachotaka. Wanunuzi wa pamba waligombania magunia yetu, na mitumba ilifika mpaka Mwamapalala. Hatukushangaa sana hospitali ya misheni ilipopata wakala wa kampuni ya ng'ambo, kavaa tai kwenye jua lile la Bariadi, akitafuta wagonjwa wa kuwekewa kifaa bure ili kampuni ijulikane. Alituonyesha mkanda mdogo wa kubana njia ya mkojo, kimfuko cha maji, na kipampu kinachofichwa kwenye korodani. Ukitaka kukojoa unakiminya, mkanda unalegea.

Guku alikikagua kama ng'ombe wa mnadani. Alikivuta, akakinusa.

"Mama yake ni wa wapi?"

"Mzee, hiki kimetengenezwa kiwandani."

"Kwa hiyo ukoo haujulikani."

"Lakini kinabana, mzee. Hata ukicheka."

"Mimi nataka kukaa tu. Kucheka nitajua mwenyewe."

Akawekewa, akapona, na bibi akakatazwa kumwambia mtu yeyote. Wakala alialikwa kwenye mahari yangu, tukasema ni jamaa wa mjini.

Upande wa mume wangu walileta mshenga mnene, mwenye maneno matamu, aliyekwisha kusikia habari za dada. "Mwadila, guku," alisalimia kwa unyenyekevu wote, kisha akaanza kumjaza pombe ya mtama. Niliona yote kwenye upenyo wa mlango wa jiko. Alichosahau ni kwamba kwetu anayempa mwenzake kinywaji hukionja kwanza, na kuonja kwa heshima si kulamba. Kila kibuyu kilipita kwake kabla ya kumfikia Guku.

Guku akanywa. Akaomba togwa, akaomba na maji. Mshenga akaonja vyote. Ng'ombe walitajwa, wakakataliwa, wakatajwa tena, jua likahamia upande wa pili wa zizi. Mshenga akaanza kubadilisha tako la kukalia. Jasho likamtoka, maneno matamu yakakata katikati.

"Ng'wanone, mwanangu," Guku akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "kwenu mvua imenyesha? Huku mto umejaa. Unatiririka tu, shwaaa."

Mshenga aliruka. Alikimbilia nyuma ya zizi kashikilia suruali, na vigelegele vya shangazi zangu nadhani vilisikika Nkoma. Nilicheka mpaka nikaunguza ugali.

Wageni walikubali ng'ombe aliowataka Guku, wanene wote, wakaaga. Yeye bado kakaa. Nilikwenda kupiga magoti nimshukuru, nikaona macho yamemjaa machozi, nikajua ni furaha. Kumbe kile kifaa huzuia mkojo kutoka, hakiuzuii kujaa.

Wakala naye akasogea, amefurahi kuliko bwana harusi. "Mzee, wenye kampuni niwaambie nini?"

Guku alitazama njiani kwanza, kuhakikisha mgeni wa mwisho amepotea kabisa.

"Waambie nimekaa," alisema. "Sasa niinueni. Upesi."