Siku Ploti Nzima Ilipozima Stima kwa Ajili ya Keki

Nyinyi mliolelewa Eastlands ya Nairobi enzi zetu mtanielewa nikisema keki ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Kwetu Baba Dogo, kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, keki iliokwa juu ya jiko la makaa. Sufuria kubwa ilitiwa mchanga, sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa ikakalishwa ndani yake, makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko, kisha watoto wote tukafukuzwa. "Mkipita hapo kwa kishindo itaanguka!" Mama alitutisha, nasi tukatembea kwa ncha za vidole hadi jioni. Harufu ilipofika langoni, watoto wa ploti jirani walikumbuka ghafla kwamba sisi ni marafiki zao wa kufa kuzikana. Mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, ukasimama, brikicho ya kujificha ikaachwa, kila mtu akawa na adabu.

Watoto wa leo hawawezi kuamini kwamba tulikula keki yenye chembe za mchanga na tukashukuru.

Basi siku moja Mama Vero, jirani yetu aliyekuwa akipika chai katika ofisi moja mjini, akarudi na maikrowevu. Ofisini walikuwa wamenunua mpya, ile kuukuu akapewa yeye. Aliibeba kichwani kutoka stejini aliposhukia matatu, sisi nyuma yake tukiimba nyimbo za harusi. Baba Otis, aliyekuwa akichomelea vyuma, aliizunguka mara kadhaa akatangaza kwamba hiyo ni televisheni iliyoharibika. Wengine walisema ukisimama mbele yake inakuivisha ini.

Jioni hiyo hiyo Mama Vero akapasha ugali, na stima ikakatika ploti nzima. Tulikuwa tunatumia waya mmoja mwembamba, vyumba vyote. Keretaka wetu aliyeisimamia ploti, Mzee Kilonzo, akaja na tochi yake akiwa amekasirika. "Nikisikia hicho kitu kinanguruma tena, kitahama pamoja na mwenyewe!" Kuanzia hapo maikrowevu ikavishwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, ikawa mahali pa kuwekea glasi za wageni.

Ndipo mdogo wangu Nekesa akaugua kifua hadi akalazwa. Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi sana, na chakula hakitaki. Mama alimpikia uji wa wimbi, mayai, ndizi za kuponda. Baba alitoka kiwandani akinuka sabuni, mkononi ana chipsi za moto. Nekesa aligeuza uso ukutani. Daktari alikuwa amesema asipokula atarudishwa wodini, na usiku nilimsikia Mama akiomba kwa Kibukusu.

Jumapili alasiri, bila kuulizwa na mtu, Nekesa akafungua mdomo. "Nataka keki ya chokoleti."

Mama aliruka kutoka kwenye kigoda, kisha akalitazama jiko lililozimika. Mpaka makaa yashike na mchanga upate moto, hamu ya mtoto ingekuwa imeshaondoka. Vero, binti wa Mama Vero aliyekuwa sekondari, alikuwa amesimama mlangoni akisuka nywele zake mwenyewe.

"Mama Nasimiyu," akamwambia Mama kwa jina langu, "hiyo mimi naipika kwa kikombe. Itaiva hata sijamaliza huu msokoto."

"Kwa kikombe? Na stima je?"

"Kila mtu azime vitu vyake."

Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Niligonga kila mlango nikipiga kelele, "Zimeni! Nekesa anataka kula!" Pasi zikachomolewa, redio zikanyamaza, dada mmoja aliyekuwa akikausha nywele akatoka na kichwa nusu kimenyooka, nusu kimesimama. Ikabaki televisheni ya Baba Otis, ambako wanaume wote wa ploti walikuwa wamejazana wakitazama mpira.

"Wanapigiana penalti!" Baba Otis alinililia. "Mtoto wewe, unataka nizime penalti?"

Baba yangu alikuwa humo ndani. Alisimama, akamwangalia rafiki yake. Baba Otis akapumua kwa nguvu, akachomoa waya. Halafu akachukua redio yake ndogo ya betri, na wanaume wote wakaja nyuma yake hadi mlangoni kwa Mama Vero.

Vero alikoroga unga, kokoa, sukari, maziwa na mafuta ya kupikia ndani ya kikombe cha bati. Mama Vero akapiga yowe. "Si cha bati, utatulipua!" Unga huo ukamiminwa kwenye kikombe cha udongo cha wageni, na Vero akachomeka katikati kipande cha chokoleti alichokuwa amekificha kwa siku zake ngumu. Baba alimleta Nekesa amemfunga blanketi. Maikrowevu ikanguruma. Taa yake ikawaka manjano, na taa ya pekee iliyobaki kwenye korido ikafifia, ikatetemeka, ikashikilia.

"Ploti imenyamaza hivi kwa nini?" Alikuwa Mzee Kilonzo, ameingia langoni akitusogelea. "Nani amekufa?"

"Shhh!" tulimjibu sote, wakubwa kwa wadogo, naye akajikuta amenyamaza.

Redioni mpiga penalti wa mwisho akarudi nyuma, akakimbia, akapaisha mpira juu. Wanaume wakaguna kwa uchungu, Baba Otis akajishika kichwa, na papo hapo keki ikavimba, ikachungulia nje ya kikombe, ikainama upande mmoja kama kofia ya mlevi. Nekesa akacheka. Kicheko chembamba, chenye kikohozi ndani yake, lakini kilikuwa kicheko. Mama aliuficha uso kwenye leso.

Alikula kijiko kimoja. "Ina moto!" akalalamika, akafungua mdomo tena. Chokoleti ya katikati ilikuwa imeyeyuka ikamchora masharubu. Aliposhiba, kijiko kikazunguka, kila mtu akapata tonge lisilozidi ukucha. Mzee Kilonzo alilamba kijiko mbele na nyuma.

"Nyinyi," akatamka polepole, "Jumapili ijayo mnizimie mapema, nije na kikombe changu."

Nekesa hakurudi wodini. Leo ni mama mwenye cheko linalosikika hadi barabarani, na akisimuliwa haya anadai alikuwa mnene tangu azaliwe.

Mimi sasa naishi kwenye gorofa huko Kayole, na kila chumba kina mita yake ya stima. Majuzi binti yangu alipika keki ya kikombe akiwa na simu mkononi, akajipiga picha na keki kabla hata hajaionja. Iliiva vizuri kuliko ile yetu, sina ubishi. Nikamwuliza kama hatawaita watoto wa mlango wa pili waonje.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila utovu wowote wa adabu.

"Lakini Mum, hii si ni ya mtu mmoja?"